Tunagombania Mistari, Bei ya Kilomita Hatuigusi

Nina maradhi ya ramani. Si ramani zote. Ni zile za treni za chini ya ardhi, na hasa zinazoonyesha njia ambazo hazijajengwa: mistari ya nukta nukta inayochomoza kwenye kituo cha mwisho na kupotelea kwenye vitongoji ambavyo wakazi wake wameahidiwa treni tangu enzi za babu zao. Kila jiji kubwa lenye metro lina ramani kama hizo kabatini. Na kila mpya inapotolewa, ugomvi ni ule ule: kwa nini njia ipite kwao isipite kwetu, kwa nini handaki na si juu ya ardhi, kwa nini vituo vinane na si kumi na tano, kwa nini treni wakati mabasi yapo.

Nimefuatilia magomvi haya miaka mingi, mpaka kusoma ripoti ambazo mtu mwenye shughuli zake angefika ukurasa wa pili akaziweka chini. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba tunaanzia pabaya. Tunabishania njia ipite wapi. Swali la kilomita moja itagharimu kiasi gani, na kwa nini iwe kiasi hicho, tunawaachia wahandisi na wahasibu, kana kwamba bei ni mvua: ikinyesha, imenyesha. Kumbe bei ndiyo inayoamua kama jiji litapigania njia moja kwa miaka thelathini, au litajenga tano na kubaki na nguvu ya kubishania ya sita.

Mfano ambao kila mtu huutaja ni New York, na mimi nitautaja kwa sababu hauchoshi. Njia ya Second Avenue, upande wa mashariki wa Manhattan, ilianza kufikiriwa karibu na mwaka 1920. Mwaka 1929 ikaingizwa kwenye mpango rasmi, na mwaka huo huo soko la hisa likaporomoka. Reli iliyokuwa ikipita juu ya nguzo kwenye Second Avenue ikabomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Ile ya Third Avenue ikafungwa upande wa Manhattan mwaka 1955. Wakazi wakabaki wakisubiri handaki. Mwaka 1972 kazi ikazinduliwa East Harlem kwa shangwe. Mwaka 1975 jiji likawa ukingoni mwa kufilisika, kazi ikasimama, na vipande vya handaki vikaachwa chini ya barabara bila reli wala taa. Wachimbaji walirudi 2007. Tarehe 1 Januari 2017 abiria wakapanda treni kwenye vituo vitatu vipya, vya mitaa ya 72, 86 na 96.

Vituo vitatu, handaki la kama kilomita 3, na gharama ya takriban dola bilioni 4.45. Gawanya mwenyewe: kila kilomita inakaribia dola bilioni 1.5.

Watu wakisikia bei hiyo huwa na majibu tayari. Ni mwamba wa Manhattan. Ni mishahara ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Ni ardhi ya gharama. Yote yana ukweli kiasi, lakini jibu lililonikamata ni la timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walioamua kulinganisha gharama za metro duniani kote na kutoa ripoti yao kamili mwaka 2023. Walishuka hadi kwenye michoro ya vituo. Na humo kwenye vituo ndimo fedha zilimokuwa.

Mtu asiyejua kazi hii hudhani fedha nyingi huliwa na lile dubwana la kutoboa handaki. Mashine hiyo ni ghali, ndiyo, lakini ikishaanza inasonga na kuacha nyuma yake bomba lililokamilika. Kituo ndicho kinachokula fedha. Fikiria treni ya New York ya mabehewa kumi: inahitaji jukwaa la mita 185 hivi. Kwa hesabu ya kawaida unachimba urefu huo, unaongeza kidogo kwa mitambo ya hewa na umeme, basi. Kwenye Second Avenue baadhi ya vituo vilichimbwa kwa urefu unaozidi mara mbili ya jukwaa. Vituo vya 72 na 86 ni mapango yaliyolipuliwa ndani ya mwamba, yenye ukumbi mpana juu ya jukwaa, mahali ambapo abiria hupita kwa sekunde chache akielekea kwenye ngazi za umeme.

Na ile nafasi ya ziada imejaa nini? Vyumba. Vyumba vya mitambo, vyumba vya umeme, vyumba vya kuhifadhi vifaa, vyumba vya wafanyakazi kupumzikia. Kila idara ndani ya shirika la usafiri ilitaka chumba chake, na hakukuwa na mtu mwenye ubavu wa kuziambia idara mbili zitumie kimoja. Ukiwa juu ya ardhi, chumba cha ziada ni ukuta na mlango. Ukiwa mita thelathini chini ndani ya mwamba, kila mita ya ujazo ya chumba hicho ni baruti, ni lori la mawe, ni zege, ni siku nyingine ya kazi. Ongeza hapo wahandisi washauri wanaosimamia wahandisi washauri wengine kwa sababu shirika lenyewe lina wahandisi wachache, na ongeza madai ya kila taasisi ambayo bomba lake au bustani yake imeguswa na mradi.

Sasa jiulize: katika mikutano yote ya kukusanya maoni ya wananchi, nani aliwahi kusimama kuuliza habari za vyumba? Watu waliuliza kuhusu vumbi, kelele za milipuko, maduka yaliyofunikwa na uzio. Wakazi wa jengo moja karibu na mtaa wa 86 walikwenda mahakamani kwa sababu ya mahali mlango wa kituo utakapokuwa. Siwalaumu, mlango ulikuwa unafunguka mbele ya nyumba yao. Lakini mjadala mzima uliendeshwa juu ya yale yanayoonekana kutoka dirishani, na kilichoiamua bei kilikuwa kwenye mchoro ambao hakuna aliyeubandika ukutani.

Madrid ndiko watu hukimbilia wakitaka kuonyesha kwamba inawezekana. Kati ya katikati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa ule ulijenga zaidi ya kilomita mia moja za metro, kwa bei ambazo wenzao wa Marekani na Uingereza walipozisikia walidhani ni kosa la uchapaji. Aliyesimamia ni mhandisi Manuel Melis Maynar. Mbinu zake hazikuwa za ajabu. Timu ndogo ya wahandisi wa serikali yenye mamlaka ya kuamua papo hapo. Vituo vinavyofanana, vikubwa vya kutosha na si zaidi, visivyo kina kirefu bila sababu. Wakandarasi hawakuchaguliwa kwa bei ya chini peke yake, kwa kuwa anayeshinda zabuni kwa bei ya kutupa hurudi baadaye na madai. MetroSur, mzunguko wa kilomita 40 na vituo 28 kusini mwa jiji, ulifunguliwa Aprili 2003 baada ya miaka mitatu hivi ya ujenzi.

Ila nisiwe kama mganga wa dawa moja. MetroSur inaunganisha miji ya pembezoni yenyewe kwa yenyewe, na haikuwahi kujaa kama njia za katikati. Bei nafuu haikuzuii kujenga mahali pasipo na watu wengi. Inakupa tu nafasi ya kukosea bila kufilisika, na nafasi hiyo miji mingi haina.

Najua pia kwamba hoja ya bei hupendwa sana na watu wasiotaka kujenga chochote. Huileta mezani kama rungu: angalieni bilioni zote hizi, bora tupake rangi barabara tuite njia ya mabasi. Mimi siko nao. Ninataka bei ijadiliwe kwa sababu ninataka kilomita nyingi zaidi.

Turudi kwenye swali la njia ipite wapi, maana halikwepeki, na mjadala ulionifundisha zaidi juu yake ni wa Paris.

Aprili 2009 rais Nicolas Sarkozy alitangaza mradi wa metro mpya kuuzunguka mji mkuu wa Ufaransa. Serikali kuu ilikuwa na ramani yake: takriban kilomita 130, vituo kama arobaini tu, treni za kasi zikiunganisha viwanja vya ndege, mtaa wa ofisi na mabenki wa La Défense, na uwanda wa Saclay kusini magharibi ambako vyuo na maabara vilikuwa vinakusanywa. Serikali ya mkoa nayo ilikuwa na ramani yake, iliyoitwa Arc Express: kilomita 60 hivi, vituo vilivyokaribiana, karibu zaidi na mpaka wa jiji, mahali watu walikuwa tayari wanaishi na kubanana kwenye mabasi na treni za kitongoji. Sheria ya Ufaransa inalazimisha mradi mkubwa namna hiyo upitie mjadala wa hadhara, na kuanzia mwishoni mwa 2010 ramani zote mbili zikapelekwa kwa wananchi kwa wakati mmoja, mkutano baada ya mkutano.

Tazama jinsi swali lilivyokuwa limekaa. Upande mmoja unasema: mahali ajira na utafiti vitakapokuwa miaka thelathini ijayo, pelekeni treni sasa, watu watafuata. Upande wa pili unasema: watu wapo tayari, wamechelewa kazini leo asubuhi, pelekeni treni kwao. Mhandisi hawezi kukujibia hilo kwa hesabu. Kituo kinapoongezwa, treni inasimama mara moja zaidi na anayekwenda mbali anapoteza dakika. Kituo kinapoondolewa, mwenye kuishi hapo anapoteza njia nzima. Dakika za nani zihesabiwe?

Januari 2011 pande mbili zilikubaliana na kuunganisha ramani zao. Matokeo ndiyo Grand Paris Express: kilomita 200, vituo 68. Wapo waliosema ni maridhiano ya kisiasa, kila mmoja amepewa kipande chake, na ni kweli njia ya 18 inayopita Saclay ilipigwa vita na wakulima na watetezi wa mazingira kwa kuwa inapita kwenye mashamba. Gharama nazo zikapanda hadi wakaguzi wa hesabu za serikali wakapiga kelele, makisio yakavuka euro bilioni 35. Hata hivyo mimi nauona mjadala ule kuwa wa afya kuliko mingi, na sababu yangu inaitwa Clichy-sous-Bois.

Clichy-sous-Bois ni mji mdogo mashariki mwa Paris, kilomita kama 15 kutoka katikati. Ndiko ghasia za 2005 zilikoanzia, baada ya vijana wawili kufa kwenye kituo cha umeme wakiwakimbia polisi. Ulikuwa mji usio na stesheni wala metro. Kufika katikati ya Paris kwa usafiri wa umma kungeweza kukumalizia zaidi ya saa nzima, umbali ambao mtu wa upande mwingine wa jiji angeumaliza akisoma gazeti. Katika ramani iliyounganishwa, Clichy na jirani yake Montfermeil walipata kituo kwenye njia ya 16. Ukipanga kwa kuangalia abiria waliopo leo peke yake, mahali kama hapo hapashindi kamwe: watu wake hawasafiri sana kwa sababu usafiri hakuna, na usafiri hauletwi kwa sababu hawasafiri. Kuna jambo hesabu za abiria hazilioni, na kikao cha wananchi chenye mama mmoja aliyeamka saa kumi alfajiri kinaliona.

Jambo la tatu ambalo hubishaniwa kidogo mno ni vituo vya kubadilishia treni. Wengi wakichora njia mpya huichora ikitoka pembezoni kwenda katikati, kwa sababu ndivyo njia za zamani zilivyokwenda. Lakini jiji likiwa na njia nyingi za kwenda katikati na hakuna inayozunguka, kila safari inageuka kuwa safari ya katikati, hata ya mtu anayekwenda mtaa wa tatu kutoka kwake.

Cairo ilionja hili kwa uchungu. Metro yake, ya kwanza barani Afrika, ilifunguliwa 1987, na kwa miaka mingi njia ya kwanza na ya pili zilikutana sehemu mbili tu: Sadat, chini ya uwanja wa Tahrir, na Al-Shohadaa, karibu na stesheni kuu ya Ramses. Agosti 2013 kituo cha Sadat kilifungwa kwa sababu za usalama. Kikaendelea kufungwa mpaka Juni 2015. Karibu miaka miwili mzigo wote wa kubadilisha treni kati ya njia hizo mbili ukaangukia Al-Shohadaa, ngazi zile zile, vishoroba vile vile, jua la kiangazi likiwa juu na watu wakiwa chini bega kwa bega. Reli haikuongezwa wala kupunguzwa hata mita moja. Fundo moja lilifungwa na mfumo mzima ukapumua kwa taabu. Ukilielewa hilo, hutauliza tena kwa nini watu wengine hupigania njia ya mzunguko ambayo haifiki hata karibu na katikati ya jiji.

Na njia za mzunguko zina bahati moja: mara nyingi reli ipo tayari. London ilikamilisha mzunguko wake wa Overground, mtandao wa treni za juu ya ardhi, Desemba 2012 kwa kuchukua reli kuukuu zilizotelekezwa au kutumiwa kwa kusuasua, ikaziunganisha, ikapaka rangi ya chungwa, ikaleta treni mpya zinazopita mara kwa mara. Moscow ilifanya jambo la karibu na hilo Septemba 2016 kwa reli ya mizigo iliyozunguka jiji. Kisha Moscow hiyo hiyo ikachimba mzunguko mwingine chini ya ardhi, kilomita 70, ukakamilika Machi 2023, lakini hayo ni mambo ya dola yenye mkoba wake. Ninachotaka kusema ni kwamba kabla ya mtu kuniuzia handaki, huwa nataka kwanza kuona orodha ya reli zilizolala.

Kuna miji ambako mjadala wenyewe ndio uliokula treni. Toronto ni bingwa. Mwaka 1994 walianza kuchimba njia ya Eglinton, 1995 serikali mpya ya mkoa ikasimamisha kazi na shimo likafukiwa. Mwaka 2007 ukaja mpango wa treni nyepesi, mfano wa tramu, za juu ya ardhi. Mwaka 2010 akachaguliwa meya Rob Ford, ambaye siku yake ya kwanza ofisini aliutangaza kuwa umekufa: yeye alitaka treni za chini ya ardhi, basi. Kitongoji cha Scarborough kilikuwa na treni iliyozeeka na mpango wa kuibadilisha kwa treni nyepesi ya vituo saba. Baraza la jiji likaubadili kuwa metro ya vituo vitatu, baadaye kituo kimoja, kisha serikali ya mkoa ikarudisha vitatu. Wakati wakubwa wakiendelea kuhesabu vituo, treni kongwe ikaacha njia Julai 2023 na haikurudi tena. Abiria wakahamishiwa kwenye mabasi.

Ninachojifunza hapo hakihusu treni nyepesi kuwa bora au mbaya. Ni kwamba maneno "chini ya ardhi" yana heshima ambayo wanasiasa huinunua kwa bei ya jumla. Mtu wa pembezoni akiambiwa treni yake itapita barabarani pamoja na magari, anasikia kwamba yeye ni raia wa daraja la pili. Hisia hiyo ina msingi wake, wanaoibeza hawajawahi kuishi mwisho wa reli. Lakini ukiichukulia kama kigezo cha ufundi, unaishia na vituo vitatu mahali pa saba, na kwa muda mrefu huna hata kimoja.

Los Angeles nayo ilikuwa na toleo lake la ugomvi wa tabaka, na huko abiria ndio walioshtaki. Mwaka 1994 chama cha wapanda mabasi kilikwenda mahakamani kikidai shirika la usafiri linamwaga fedha kwenye reli huku mabasi yanayobeba watu maskini yakijaa kupita kiasi na nauli ikipandishwa. Mwaka 1996 shirika likakubali mbele ya mahakama kupunguza msongamano kwenye mabasi. Mpaka leo wapenzi wa reli huwalaumu wapanda mabasi kwa kuchelewesha njia, na wapanda mabasi hawaoni walichokosea. Nikilazimika kuchagua, nitasema walikuwa na haki: aliyesimama kwenye basi hawezi kuambiwa asubiri handaki la miaka kumi na tano.

Amsterdam waliamua kuwauliza wananchi moja kwa moja. Kura ya maoni ya 1997 kuhusu njia ya kaskazini hadi kusini ilipata wengi waliosema hapana, ila waliojitokeza hawakufikia idadi iliyotakiwa, kwa hiyo mradi ukaendelea. Mwaka 2008 nyumba za zamani za mtaa wa Vijzelgracht zikazama kwa sentimita kadhaa wakati kituo kikichimbwa, na gharama za mradi mwishowe zikazidi mara mbili ya makisio ya mwanzo. Njia ilifunguliwa Julai 2018. Inapendwa. Sijui nifanye nini na mfano huu, unampa kila mtu silaha, na ndiyo maana huwa naupenda.

Kisha lipo lile swali la matengenezo, ambalo halina ramani na kwa hiyo halina mashabiki. Mwaka 2017 New York ilizindua vituo vyake vipya mwezi Januari, na Juni mwaka huo huo gavana akatangaza hali ya dharura kwenye mfumo mzima, siku chache baada ya treni kuacha njia Harlem na kuwajeruhi abiria. Sehemu za mfumo huo zilikuwa zinaongozwa na vifaa vya ishara, vile vinavyoiambia treni iende au isimame, vya miaka ya 1930. Kubadilisha ishara hakukati utepe. Lakini treni zikiongozwa kwa mfumo wa kisasa zinaweza kufuatana kwa ukaribu zaidi, na njia ya zamani inabeba watu wengi zaidi bila handaki jipya. Ukinipa bajeti moja na kuniambia nichague, ningeanza na ishara, na ningezomewa kwenye kila mkutano.

Kwa sasa mjadala ninaoufuatilia kwa hamu zaidi ni wa Interborough Express, tena New York. Ni njia ya kilomita 22 hivi kati ya Brooklyn na Queens, ikitumia reli ya mizigo iliyopo, bila kugusa Manhattan. Makisio ya gharama ni kama dola bilioni 5.5, yaani si mbali sana na vile vituo vitatu vya Second Avenue, kwa urefu wa mara saba. Kwa vigezo vyangu vyote hii ingepaswa kuwa harusi. Lakini Januari 2023 mamlaka ilitangaza itakuwa treni nyepesi, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa handaki la zamani lililo jembamba karibu na makaburi ya All Faiths, Queens. Treni isingepita humo, ingebidi itoke juu na kutembea barabarani kwenye Metropolitan Avenue, na barabarani ni treni nyepesi tu inayoweza kuchanganyika na magari. Baadaye wapangaji wakabadili mawazo: hakuna kutoka barabarani, handaki litapanuliwa. Sababu ikaondoka, treni nyepesi ikabaki.

Wapo wanaotaka sasa metro kamili, wengine treni zisizo na dereva zinazopita kila baada ya dakika mbili, na wengine wanasema kubadili tena ni kuikaribisha Toronto mlangoni. Mimi nimeegemea treni zisizo na dereva, kwa kuwa njia haikutani na gari popote. Ila kabla sijaanza kupiga kelele na wenzangu ningependa mamlaka ichapishe bei za chaguo zote tatu kwenye ukurasa mmoja, kituo kwa kituo, na pembeni ya kila kituo iandikwe urefu wa shimo, urefu wa jukwaa, na idadi ya vyumba.